Ghala Moja la Majibu

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya ibada.

Baba mpendwa,

Shikamoo sana, na pole kwa baridi. Mama Demetria wa kwaya ameniambia mwaka huu ukungu wa Tukuyu unakaa mpaka saa sita mchana, nami nikauwaza mgongo wako. Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilifika? Unaitumia wewe mwenyewe, au umeshawagawia wazee wenzako wa kanisa? Na ndama wa yule ng'ombe mweusi amesimama? Gladness aliniambia kwamba siku ya kwanza aligoma kunyonya, na kwamba ulilala zizini na blanketi. Baba, una miaka mingapi wewe? Naomba usimkataze mdogo wangu kuniambia mambo kama hayo.

Mimi ni mzima wa afya. Nataka ulisome hilo kwanza kabla ya yote, na ulisome mara mbili ikibidi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako, Baba, unaiweka spika, na wapita njia wanajibu kabla yako. Mara ya mwisho nilipokuuliza habari za mgongo, jirani ndiye aliyenijibu kwamba leo umekaa vizuri. Ninayotaka kukueleza leo ni yako kwanza, ya wengine baadaye. Ndiyo maana nimempa barua hii Mama Demetria, anayerudi huko kesho, akukabidhi mkononi.

Nianze na kazi, maana nasikia umewaambia wazee kanisani kwamba binti yako anatengeneza simu. Sitengenezi simu. Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta za hospitali, hapa hapa Temeke, na tangu mvua za masika ziishe nimekuwa nashinda maabara. Acha nikueleze kwa lugha ya chai, ambayo wewe ndiye uliyenifundisha.

Ulipokuwa karani wa kupokea majani, kila kituo kilikuwa na mizani yake, lakini majani yote yalikwenda kiwanda kimoja. Sasa fikiria kila kituo kingebaki na majani yake, na meneja akitaka kujua amepata nini inabidi atume mtu kwa baiskeli apite kituo kwa kituo na gunia. Hivyo ndivyo maabara yetu ilivyokuwa. Ipo kompyuta ya mapokezi, inayoandikwa jina la mgonjwa na kipimo chake. Ipo nyingine pembeni ya hadubini, daktari anaandika alichokiona. Ipo ya kuchapa majibu. Zote ni za Windows, kama ile ya ofisi ya kanisa, na kila moja ilitunza vyake tumboni mwake. Majibu yakitoka kwenye hadubini yalibebwa kwa flashi kwenda kuchapwa. Flashi ikisahaulika kwenye mfuko wa koti, majibu ya mtu yanalala mfukoni. Flashi ikipata virusi, faili linabaki jina tu, ndani hamna kitu.

Aliyeniuma zaidi alikuwa Mzee Mwishehe wa Mbagala. Ni Mzaramo, mwenyeji wa huku, mrefu, kanzu yake safi hata siku ya tope. Alikuwa na uvimbe shingoni, akakatwa kinyama kidogo kipimwe kama ni saratani. Majibu yake hayakuonekana. Akaambiwa aje wiki ijayo, akaja. Akaambiwa tena, akaja tena, na kila akija anasalimia benchi zima kabla ya kukaa. Mkuu wa maabara, Bi Naima, mwanamke wa Msasani, mkali wa maneno na mwepesi wa machozi, ikafika mahali akawa anakosa uso wa kumtazama. Mwishowe ikabidi amwambie kwamba huenda akakatwa upya.

Mzee akaishika shingo yake. "Mwanangu," akasema kwa upole, "shingo yangu mie si shina la muhogo, mkikata linachipua."

Watu kwenye benchi walicheka na yeye akacheka nao. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na waya mkononi, nikaona mkono wake haujaiachia shingo.

Siku ile ile Dakta Venance, ndiye anayeangalia vinyama kwa hadubini, aliniita pembeni akaniuliza kama ile mashine ya kwenye chumba kidogo cha nyuma inaweza kutunza majibu yote mahali pamoja. Mashine yenyewe ni seva, yaani kompyuta isiyo na mtu wa kukaa mbele yake. Kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Ilikuwa inatunza kumbukumbu za usajili tu. Inaendeshwa na Unix, mfumo uliokuwepo kabla sijazaliwa, na watu wanauogopa kwa sababu kioo chake ni cheusi, hakina picha. Unaandika maneno, nao unakujibu kwa maneno. Lakini sijawahi kuiona seva ile imezima yenyewe, na ghala lake lilikuwa karibu tupu. Nikamwambia Dakta inawezekana. Nilijibu haraka kuliko nilivyojua.

Tatizo ni kwamba Windows na Unix hawazungumzi lugha moja. Ipo programu ya kukaa katikati yao, inaitwa Samba, na kazi yake ni ukalimani. Kompyuta ya Windows ikiomba faili kwa lugha yake, Samba inalipokea ombi, inalipeleka kwa Unix, na inarudi na faili. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hajui lolote kati ya hayo. Anachoona ni diski moja zaidi imeongezeka. Hiyo diski nikaipa herufi M, M ya majibu.

Nilipojaribu mara ya kwanza, kompyuta zote zilikataa. Samba tuliyoikuta kwenye seva ilikuwa imezeeka, inasalimia kwa namna ya zamani, na Windows za siku hizi zimefundishwa zisiitikie salamu ile kwa sababu virusi walikuwa wanapitia humo humo. Rafiki yangu mmoja wa kazi hizi akanishauri kwa simu niziambie Windows ziikubali tu. Ni kubonyeza mahali pamoja, ningemaliza kabla ya chai ya saa nne. Nilikaa nikazitazama zile flashi kwenye meza ya Bi Naima, nikawaza tutakavyofungulia virusi mlango mpaka ndani ya ghala la majibu ya watu. Nikakataa. Nikanakili kila kilichokuwa kwenye seva, nikaiweka nakala kabatini, kisha nikaiondoa Samba ya zamani na kuweka mpya. Baba, nilipoiwasha tena mashine ile niliomba kama tulivyoomba siku Gladness anajifungua. Kutoka mapokezi nikasikia mtu anapiga kelele, "Dada Lusungu, M imekuja!"

Kilichofuata kilinitoa jasho zaidi, maana sasa nilikuwa nashughulika na watu. Unix haikupi kitu mpaka ijue wewe ni nani na uko kundi gani, na maabara nzima ilikuwa inaingia kwa jina moja, tena neno la siri limebandikwa kwenye kioo kwa plasta ya vidonda. Nikasema kila mtu awe na jina lake. Wa mapokezi waone majina na vipimo tu, madaktari waandike majibu, wa kuchapa wasome bila kubadilisha.

Bi Naima akashika kiuno. "We mtoto, mie nimeingia maabara hii wewe ukiwa na sketi ya shule. Leo kompyuta iniulize mie nani?"

Nikamwambia, "Isipokuuliza wewe, Bi Naima, haitamuuliza na mtu asiyehusika."

Alinitazama sana. Halafu akakaa, akaandika neno lake la siri huku amefunika kibodi kwa mtandio. Tangu hapo yeye ndiye polisi wetu. Ukiacha kompyuta wazi ukaenda kunawa mikono, unamkuta amekaa kwenye kiti chako amekunja nne, anakusubiri.

Makosa yalikuwepo, na mengine ni yangu. Kuna asubuhi Dakta Venance aliandika majibu na wa kuchapa wakanyimwa kuyafungua, kwa sababu nilisahau kuieleza seva kwamba faili jipya ni la kundi zima na si la aliyeliandika peke yake. Foleni ikafika getini. Nilirekebisha huku watu wananihemea mgongoni. Lakini baada ya siku ile mambo yalikaa sawa, na flashi zote tukazitia kwenye kopo la maziwa, Bi Naima akalifungia.

Halafu nikaanza kukusanya ya zamani, kompyuta moja baada ya nyingine, kila kilichokuwa kimejificha nikakipeleka kwenye seva. Kwa mara ya kwanza majibu yote ya maabara ile yalikuwa mahali pamoja, na mtu angeweza kutafuta jina mara moja tu. Wa kwanza niliyemtafuta ni Mzee Mwishehe. Nilipoandika jina lake kamili, hamna. Nikapunguza herufi, nikaacha mbili za mwanzo tu. Kati ya yaliyotokea likawemo faili moja kutoka kwenye kompyuta ya hadubini, limeandikwa Mwishee, bila ile h ya mwisho. Lilikuwa mle muda wote.

Sikulifungua. Nilimwita Dakta Venance, akalinganisha namba ya kinyama na ya kadi, akasoma, kisha akatoka mwenyewe kwenda kwenye benchi. Mzee alikuwepo, alikuja kukatwa upya. Aliyoambiwa aliutangazia ukumbi mzima mwenyewe, na amenituma nikusalimie, kwa hiyo sivunji siri ya mtu. Si saratani. Ni kifua kikuu kilichoshika tezi za shingo, anameza dawa kwa miezi kadhaa na anapona. Mzee alimshika Dakta mkono hakuuachia. Akauliza kama ana hakika. Alipohakikishiwa, akageuka kwetu na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Lahaula! Na baiskeli yangu nimeshampa mpwa wangu!"

Benchi lilivunjika mbavu. Bi Naima akakimbilia ndani, nikamkuta anajifuta macho kwa mtandio.

Sasa Baba, naomba ukae, kama ulikuwa umesimama. Na ukumbuke nilivyokuandikia juu kabisa kwamba mimi ni mzima.

Nilipoandika zile herufi mbili kumtafuta Mzee Mwishehe, M na W, lilitokea na jina jingine mstari wa juu yake. Jina la ukoo wetu, Baba. Mwaijande, Lusungu.

Wiki moja baada ya Pasaka, nikiwa naoga, niligusa kitu kwenye titi la kushoto. Kigumu, kama punje ya hindi kubwa kidogo. Nilisimama pale bafuni mpaka maji yakaisha kwenye ndoo. Unajua nilimuona nani. Nilimuona Mama, anavyofunga khanga juu kabisa hata kwenye joto la jikoni, ili tusione. Nikajiambia Mama aliwaficha madaktari mpaka ikawa basi, mimi sitafanya hivyo. Kesho yake nilienda kuonwa, hapo hapo kazini, nikakatwa kinyama kama wengine. Niliyemficha ni wewe.

Sikukuficha kwa kutokukuamini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Baba, nakuletea chai kwenye chupa pale hospitali ya Mbeya, nakukuta umekaa benchi lile lile, kofia magotini, unatazama mlango ambao Mama ameingizwa. Hukuwa unalia wala kusema. Sikutaka kukukalisha tena kwenye benchi kwa ajili yangu kabla sijajua kama kuna sababu. Ukiona kwamba nimekosea, nikaripie tukionana.

Majibu yangu nayo yakachelewa. Nilipoenda kuuliza kliniki niliambiwa yale yale wanayoambiwa wote, njoo wiki ijayo. Kwa hiyo sasa unajua kwa nini sikuja likizo, na kwa nini nilikuwa nakujibu kwa mkato. Mchana nilikuwa nahangaika na mashine ili majibu ya watu yaonekane, na kila nilipokaa kupumzika, mkono ulikuwa unarudi wenyewe kwenye ule uvimbe kuona kama umekua.

Sasa jina langu liko mbele yangu kwenye kioo. Wengine wote niliwapimia ruhusa, huyu aone hiki, yule asione kile. Lakini mwenye kuisimamia seva ya Unix hanyimwi kitu. Ningeweza kufungua pale pale, hakuna mtu ambaye angejua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ningependa kukuambia kwamba niliacha kwa uadilifu, na kidogo ilikuwa hivyo, kwa sababu ningemtazamaje Bi Naima baada ya yote niliyomwambia. Ila kwa sehemu kubwa niliogopa, Baba. Sikutaka kukutana na neno lile nikiwa peke yangu na mashine. Nilitaka mtu aniambie, mtu mwenye uso.

Ndipo nilipomwita Dakta Venance kwa ajili ya Mzee Mwishehe. Na Mzee alipoondoka na furaha yake, nilimwambia Dakta kwamba na langu lipo. Hakujua; jina la faili huandikwa na msaidizi wake, na kinyama changu kilipita kwake kama namba tu. Akaniambia nikakae nje kama mgonjwa, anisomee kama anavyowasomea wagonjwa.

Nikavua kitambulisho cha kazi, nikazunguka, nikakaa kwenye benchi. Bi Naima akatoka na makaratasi yake, akaniona.

"We Lusungu, umekaa huku na wagonjwa unafanya nini?"

"Nasubiri majibu yangu, Bi Naima."

Alisimama pale. Kisha akayaweka makaratasi chini, sakafuni, yeye asiyependa hata kalamu ianguke, akakaa pembeni yangu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono yake ilikuwa inanuka sabuni ya maabara. Tulikaa hivyo mpaka mlango ukafunguliwa, tukaingia wote wawili, na hakuna aliyemzuia.

Si saratani, Baba. Dakta alisema hivyo kabla sijakaa. Ni uvimbe wa kawaida, nyama tu iliyojikusanya, wanaupata wasichana wengi na hauna sumu. Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamwomba na Bi Naima arudie, kwa sababu nilitaka kulisikia kwa sauti ya mama. Akasema, "Huna, mwanangu. Huna kitu." Halafu akapiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo mwenyewe kwa kuwafikiria wanaosubiri nje.

Mimi nililia, na nilikuwa siwezi kuacha. Baadaye nilinunua maji ya dafu getini nikanywa nimesimama, nikaona jua limewaka vizuri na watu wanapita na mizigo yao, nikahisi ninyi wote mmerudishwa kwangu.

Dakta anashauri uvimbe utolewe, kwa kuwa unaniuma nikibeba vitu, na ili tusiendelee kuuwaza. Ni operesheni ndogo, naingia asubuhi na jioni natoka. Kuna jambo moja nakuomba. Gladness naye akaonwe. Dakta ameniambia kwamba kwa sababu ya Mama, sisi mabinti wake wawili inatupasa kuangaliwa kila mwaka, uvimbe uwepo usiwepo. Usimwambie mbele ya watoto. Mwambie mkiwa mnakamua, hapo ndipo anaposikiliza. Akisema hana nafasi, mwambie dada yake atampandia basi amfuate.

Na wewe, Baba, njoo. Usije kwa hofu, wala usije kukaa benchini. Njoo wiki ya operesheni, tarehe nitakujulisha ikipangwa, ukae nami hapa Tandika ninapopata nafuu, unikosoe ninavyopika ndizi. Jana nilikwenda Keko kwa mafundi wa fanicha, kwa sababu nyumba yangu haina kitanda cha pili. Tangu Pasaka sikuwa nimenunua hata stuli. Fundi aliniuliza kitanda ni cha mtu wa urefu gani. Nikamwambia ni cha baba yangu, mrefu, na akilala anajinyoosha. Akacheka, akasema basi ataongeza mbao, ila foleni ya kazi ni kubwa, kitakuwa tayari mwezi ujao.

Kabla ya majibu, nikisikia maneno hayo ya mwezi ujao nilikuwa nakosa pumzi. Jana nikamjibu fundi kwamba hakuna haraka, mwezi ujao nipo.

Wasalimie wote nyumbani, Gladness na watoto wake, wazee wa kanisa, na jirani anayekujibia simu. Ndaga fijo, Baba, asante sana kwa kunilea.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Lusungu